Sabuni Nambari Arobaini na Saba

Ijulikane kwa watu wote, walio hai na watakaozaliwa, kwamba njia ya kuwa daktari wa kuchunguza vifo ni ndefu, ni tukufu, na huanzia jikoni. Dada mmoja aliianza akiwa na miaka tisa, kwa kumpekua kuku wa Jumapili na kutangaza mezani kwamba marehemu alifariki kwa kukatwa shingo. Mama alimwambia anyamaze, watu wapate kula.

Baada ya kuku ikaja miaka sita ya udaktari, mmoja wa kuzungushwa wodini, minne ya patholojia, na miwili ya mwisho katika chumba cha maiti chini ya Profesa. Katika miwili hiyo mwanafunzi hupewa daftari jekundu la kurasa mia. Kila ukurasa ni maiti mmoja: alivyoletwa, alivyopasuliwa, kilichomuua. Profesa akitia sahihi ukurasa wa mia, mwanafunzi amekuwa bingwa. Ukibaki hata mmoja, ni mtu aliyezoea harufu mbaya bure.

Maiti wenyewe walikuwa wakija nyumbani Jumamosi alasiri. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa chumba cha anatomia, aliyemfundisha Dada mifupa ya kiganja kwa kumwachia kiganja chake wiki nzima. Wale wa daftari jekundu walikuja kusoma kilichoandikwa. Waliketi kwenye kochi, wakaazima miwani ya Mama, wakasoma ukurasa wao hadi chini. Wakikuta ni kweli, waliguna, wakaosha vikombe vyao, wakaenda, na hawakurudi tena.

"Wageni wote hawa," alisema Mama, "na wote mikono mitupu."

Dada alikuwa na mdogo wake, mvulana wa shule ya bweni, mwenye akili nyingi, sura ya kupendeza na mwenendo usio na doa. Habari hizi zimetoka kwa mtu anayemfahamu vizuri. Kila shule ilipokaribia kufunguliwa, Dada alichukua kisu cha jikoni akamchongea nambari ya kitanda chake, 47, kwenye kila kipande cha sabuni, maana bwenini sabuni isiyo na nambari ni ya kila mtu. Saba ya Dada ilikuwa na kistari katikati.

Muhula huo mtu fulani alisugua sabuni kwenye ngazi ya kengele ya shule. Sabuni ilimmegukia mkononi, naye hakurudi kuokota. Ngazi ilikuwa na vipandio saba. Mpiga kengele, aliyeitwa Mzee Dakika kwa kuwa hakuwahi kuchelewa hata moja, alikuwa anapanda kupiga kengele ya jaribio la hesabu. Alifika cha sita, akaanguka chali. Wanafunzi walicheka. Naye alicheka, akajipangusa, akapanda tena polepole, akapiga kengele kwa wakati wake. Yule mdogo wake Dada alipata kumi na moja kwa mia. Siku ya tatu Mzee Dakika alijilaza na viatu vyake, hakuamka.

Akawa maiti wa mia moja.

Dada alikuta damu imeganda chini ya fuvu, upande wa kisogoni, pana kama kiganja cha mtoto. Kwenye soli ya kiatu cha kulia alikuta kipande cha sabuni kimenasa, na juu yake 47, saba ikiwa na kistari. Alikaa kwenye kiti cha chuma kwa muda. Kisha akakivua kile kiatu, akakifunga pamoja na sabuni yake kwenye mfuko, akautia mkobani.

"Mkuu wa shule keshapiga simu mara mbili," alisema Profesa kutoka mlangoni. "Anasema mzee wa watu alikuwa na moyo mbovu. Umeona nini?"

Siku ya kwanza kabisa, Profesa ndiye aliyewafundisha kwamba kuandika *moyo ulisimama* ni sawa na kuandika kwamba timu ilifungwa kwa sababu filimbi ya mwisho ilipulizwa.

"Moyo," alisema Dada.

"Ulifanyaje?"

"Ulisimama, Profesa."

Profesa alimtazama kidogo, akatia sahihi.

Kama ingeandikwa ajali ya kazini, mjane angebaki katika nyumba ya watumishi wa shule. Kwa kuwa ulikuwa moyo tu, alipewa wiki mbili. Alihama na kitanda, jiko na saa ya ukutani.

Jumamosi Mzee Dakika alikuja, kiatu mguu mmoja. Alisoma ukurasa wake mara mbili.

"Daktari," alisema, "moyo wangu haukuwa na neno na mtu."

"Najua, mzee wangu."

"Haya."

Alirudisha miwani, lakini hakuosha kikombe, wala hakuondoka. Yuko kwenye kochi mpaka leo. Kila baada ya dakika arobaini hugonga kikombe kwa kijiko, na Mama anasema angalau siku hizi chakula hakiungui. Shahada ya ubingwa ya Dada imetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mzee, na Dada akipita pale hutazama sakafu. Ile sabuni aliiweka kwenye sinki. Nyumba nzima wananawa nayo, na haipungui, wala nambari haifutiki.

Likizo ilipofika, mvulana alirudi nyumbani na begi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hesabu vipi?"

"Siyo mbaya."

"Nenda kanawe mikono," alisema Dada, bila kumtazama.

Mvulana alinawa. Alinawa tena. Aliporudi sebuleni, mzee aligonga kikombe mara mbili, kama bwenini wakati wa kuhesabiwa. Bwenini watu huitwa kwa nambari za vitanda, na anayekaa kimya huandikwa mtoro.

"Arobaini na saba," alisema Mzee Dakika.

Mama alikuwa anamimina chai. Dada alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Nimejitahidi tangu mwanzo kuwa mtu mwingine katika habari hii, na hadi pale kwenye sinki nilikuwa naendelea vizuri.

"Arobaini na saba," alirudia, bila hasira.

"Nipo, mzee," nilisema. "Ni mimi niliyepaka. Sikuwa nimesoma."

Alitia alama hewani kwa kijiko, akasogea kidogo ili nipate pa kukaa. Upande ule wa kochi ulikuwa baridi. Ukurasa wa mia bado unasema moyo.