Kwaya ya Kathini, kwa CD na kwa Simu

Haya nimeyapata kwa Mutheu mwenyewe, wiki iliyopita, alipokuja kunijulia hali hapa Kibera. Aliketi kwenye kiti changu cha mlangoni, mkoba haukutoka mapajani, akaongea haraka haraka kwa sababu jirani alikuwa amemshikia mgonjwa na hangemshikia mpaka jioni. Mimi sikumkatiza. Naandika vile alivyosema.

Mutheu anaishi Kabiro, kule Kawangware, chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia. Mume wake, Nzuki, yuko Mombasa kwa kazi ya malori, huonekana mwisho wa mwezi. Nyuma ya pazia yuko mama ya Nzuki, Kathini, aliyeanguka kwenye ngazi ya ploti akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajasimama. Maumivu yakimshika hupiga kelele ploti nzima ikasikia. Ndegwa, mwenye ploti, alikuja akasema kwa upole kwamba wapangaji wengine wanalalamika, na ule upole ndio ulimtisha Mutheu.

Kitu kimoja tu humtuliza Kathini, nacho ni CD ya kwaya yake. Aliimba sauti ya pili miaka mingi, wakarekodi nyimbo wakati bado ana nguvu. Akijisikia humo ndani, ananyamaza. Lakini CD yenyewe imechubuka. Ikifika katikati inakwama, neno moja linarudi, linarudi, kama mtu ameshikwa na kwikwi, na lazima Mutheu aache anachofanya aje agonge redio, aisogeze mbele. Baada ya muda inakwama tena. Ugali unaungua, nguo zinabaki kwa povu.

"Susu," aliniambia, yaani nyanya, ndivyo aniitavyo, "mwisho wa dunia yangu ni pale kwa bomba la maji. Nikilipita tu, nasikia imekwama."

Sasa, rafiki yake Angeline alikuwa amemtafutia kazi ya jikoni kwa hoteli moja huku kwetu Kibera, pale Olympic. Aanze Jumatatu, la sivyo wachukue mwingine. Jirani, Wakarima, alikubali kuingia mchana kumlisha mgonjwa na kumgeuza, lakini kukaa pale achunge redio hawezi, ana kibanda chake cha mboga. Basi mambo yote yakabaki yananing'inia kwa huo muziki. Na ile kwaya, mtu alikuwa ameiweka mtandaoni. Unaifungulia kwa simu, inaimba mwanzo hadi mwisho bila kuguswa.

Mutheu akaijaribu, akaweka simu kando ya mto.

"Ni nani hao?" Kathini akauliza.

"Si ni nyinyi, Mwaitu. Kwaya yenu," Mutheu akasema; Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Sisi tulikuwa watu ishirini. Hapo nasikia wanne na nzi."

"Mwaitu, jamani."

"Na hiyo ni kayamba ama mtu anakaanga samaki? Mimi siko hapo. Nitolee."

Na kelele zikaanza.

Ndipo Jumamosi mchana Mutheu akamwita Oketch, fundi wa simu wa steji ya 46, palepale Kawangware. Oketch alibonyeza simu kidogo, akacheka, akamwambia Mutheu. "Mathe, si umeiambia iokoe bando? Ikiokoa bando inakula nyama ya sauti, inabakisha mifupa. Na hii spika ya simu vile ni kadogo, shosho atajisikia wapi?" Akabadilisha huko ndani kwa simu, halafu akaiunga kwa waya na redio ileile ya CD, ili spika ziwe ni moja.

"Shosho, niaje?" akamsalimia Kathini.

"Niko kitandani mwezi wa ngapi, na unaniuliza niaje."

"Leo nakupea mtihani. Nafunga pazia, napiga wimbo, unaniambia kama ni CD ama ni simu. Ukishinda nakununulia soda."

"Lete soda uende, usinisumbue."

Akaanza na CD. "CD," akasema Kathini, hata hakungoja. Oketch akachomoa waya, akapiga kwa simu peke yake. "Nzi wamerudi." Akaurudisha waya. Wimbo ukaanza. Mutheu anasema hata yeye alisikia watu wakivuta pumzi kabla ya kuimba, na benchi likilia huko nyuma.

"Hiyo ni CD," Kathini akasema polepole. "Nimejisikia nikiingia. Hapo, nyuma ya wengine."

"Shosho, umeingia boksi, umedanganyika! Hiyo ni simu!"

"Rudia."

Akarudia, na shosho akakosa tena. Jioni hiyo Mutheu alipiga pasi sketi ya kazi.

Jumapili, baada ya chakula, akaamua kufanya majaribio. Akafungulia nyimbo kwa simu na waya wake, akatoka, akapita bomba, akafika hadi barabarani. Hakuna alilokwenda kufanya. Alisimama tu akitazama watu wakipita, na hakuna aliyemwita mpaka nyimbo zikaisha zote.

Aliporudi alimkuta Kathini ameelekea ukuta, na foronya imelowa.

"Sauti iliharibika?"

"Sauti ni nzuri. Imeshinda hata CD."

"Sasa unalia nini, Mwaitu?"

"Haikukwama."

"Si ndiyo tulitaka?"

Kathini hakugeuka kutoka ukutani. "Ile ikikwama, wewe huja," akasema. "Hii imeimba mpaka ikaisha na mlango haujafunguka. Nimejisikia vizuri kabisa nikiimba, nikadhani mmeshanizika, sasa mnanikumbuka."

Mutheu aliniambia alitamani yule mama aseme uongo, aseme samaki wanakaangwa, ili apate la kubishana naye.

Jioni Angeline akapiga simu. "Kesho asubuhi na mapema uwe hapa. Usiniaibishe."

"Angie, waambie wachukue mtu mwingine."

"Unaniambia nini? Mutheu! Hiyo nafasi nimeiomba kwa magoti!"

"Najua."

Angeline akakata. Pazia nalo halizuii maneno.

"Sijakwambia ukatae," Kathini akasema kutoka upande wake.

"Hukuniambia niende pia."

"Nikikwambia uende, utaenda?"

"Niambie basi, Mwaitu."

Mutheu akangoja neno hilo moja, nenda. Alishika pazia kwa mkono mmoja, hakulifungua. Alingoja hadi akasikia pumzi ya yule mama imebadilika, imekuwa nzito, ile ya mtu ambaye hatajibu tena usiku huo. Ndipo akajilaza upande wake na nguo alizovaa, akasikiliza wapangaji wakifunga milango, huyu, na yule, na yule wa mwisho kabisa kwenye kona, na usingizi ukamchukua.