Shimo la Wenyewe

Mke wangu alinionya mapema, tukiwa bado wachumba, kwamba kwao wanacheza gofu. Nikacheka. Nilidhani ni kama mtu anavyokwambia kwao wanapenda chai. Nilipooa ndipo nilipotambua kwamba katika familia ile mtoto hushika fimbo ya gofu kabla hajashika kijiko. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni wakala wa bima. Asipocheza gofu anazungumzia gofu, na akilala, mkewe anasema, mikono inaendelea kupiga mipira. Mke wangu mwenyewe ni mkunga. Akirudi kutoka zamu yuko hoi bin taaban, mtajie gofu uone anavyotafuta viatu. Na juu yao wote yuko mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hapigi mbali wala hapigi kwa nguvu, lakini hajawahi kuonekana akitafuta mpira wake vichakani. Mpira wake haupai. Unatembea chini katikati ya uwanja, taratibu, kama yeye alivyokuwa akitembea kwenye korido za shule, na majani yenyewe yanaupisha.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kukaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya akiba, huku mtu asiyejua klachi ni nini akinipeleka kwenye nguzo ya umeme. Wanafunzi wangu wameniita Breki, na jina hilo lilinifuata mpaka ukweni. Miaka yote nimewaambia watu: macho mbele, usitazame chini. Kumbe gofu ni kinyume chake. Unatakiwa uinamishe kichwa, uutazame mpira ulio miguuni, na usikiinue mpaka umeshaupiga. Sasa mtu wa umri wangu, mwenye tumbo lililotangulia kama mimi, ukimwambia atazame kitu kilicho miguuni kwake, kwanza umpe nafasi alisogeze tumbo.

Jumamosi moja walipungukiwa mtu. Rafiki yao wa siku zote alikuwa ameteguka mgongo, na bila mtu wa nne mpangilio wao unaharibika. Shemeji alinipigia simu.

"Shemeji Breki, leo tutakuhitaji."

"Kuwapeleka?"

"Kucheza."

Nilipaswa kukataa. Lakini kwa wiki kadhaa nilikuwa nikijifunza kisirisiri, uani, kwa fimbo ya ufagio na limau, na kwa maoni yangu limau lilikuwa linakwenda vizuri. Nikasema, "Hakuna neno." Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilivalishwa kofia ya shemeji, nikapewa fimbo za marehemu baba mkwe, ambaye alikuwa mtu mrefu kama mlingoti. Cha kuazima hakisitiri. Ile fimbo kubwa ya kwanza ilikuwa ndefu hivi kwamba nilipoishika nilisimama mbali na mpira kama mtu anayeogopa kung'atwa.

Pale pa kuanzia, shemeji alipiga, mpira ukapaa hata ukapotea machoni. Mke wangu akapiga, ukafuata. Mama mkwe akagonga wake, ukaondoka zake kwa miguu. Ikawa zamu yangu. Nikatanua miguu, nikakumbuka limau, nikazungusha fimbo kwa nguvu zangu zote. Kulisikika mvumo wa upepo. Kipande cha udongo chenye majani yake kiliruka juu, kikaanguka mbele ya viatu vya mama mkwe. Mpira ulikuwa palepale, umetulia juu ya kigingi chake, haujui lolote.

"Najaribu tu mkono," nikasema.

"Hilo linahesabiwa, shemeji," akasema shemeji.

"Lakini sijaugusa!"

"Nia ulikuwa nayo. Gofu inahesabu nia."

Mke wangu aligeukia upande wa pili, mabega yakimtikisika. Mama mkwe hakucheka. Alikiokota kile kipande cha udongo kwa vidole viwili, kama anayeokota daftari la mwanafunzi mchafu, akakirudisha mahali pake na kukikanyaga.

"Polepole, baba," akaniambia. "Mpira haujakukosea kitu."

Shida ya kucheza na mama mkwe ni kwamba huwezi kutukana. Wengine mpira ukienda vibaya huachia neno moja zito, roho ikatua. Mimi nilikuwa nasema, "Ah, jamani," na "Haya basi," na "Tutaona," huku matusi yakinirundikana kifuani kama moshi wa gari lililozibwa ekzosi. Kuna mpira nilioupiga ukakata kona na kuwaelekea mabwana wawili waliokuwa wakipita kando. Ukifanya hivyo unatakiwa kupaza sauti ili watu walinde vichwa. Mimi kilichonitoka mdomoni, kwa mazoea ya kazi, ni, "Breki! Breki!" Mabwana wale wakasimama kabisa, wakageuka kuona ni gari gani, na mpira ukapita katikati yao.

"Umewasimamisha vizuri," akasema mke wangu. "Wangekuwa wanafunzi ungewapa leseni."

Tulipofika sehemu uwanja unapopinda kuizunguka miti, nilikuwa sina tena heshima ya kupoteza. Wenzangu walipiga, mipira ikafuata kona kwa adabu. Wangu ukaingia mitini moja kwa moja, ukagonga shina hapa, shina pale, kisha kimya.

"Nendeni tu," nikawaambia. "Nitawakuta."

Hawakubishana. Niliwasikia wakiondoka na vigari vyao vya kukokotea fimbo, wakizungumza kwa furaha ya watu waliotua mzigo.

Mle mitini nilizunguka sana. Nilipata mpira wa mtu mwingine, nikapata glavu moja ya mkono wa kushoto, ndipo nikauona wangu, umekaa mahali peupe kwenye majani mafupi, kama uliotandikiwa. Mbele yake miti ilikuwa imeachana, na kwenye uwazi huo, mbali kidogo, bendera ilikuwa inapepea juu ya grini, lile zulia la majani yaliyonyolewa linalozunguka shimo. Nikachukua fimbo fupi. Hapakuwa na mtu wa kuniambia nikunje goti wala ninyooshe mkono. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa nawaza chakula. Nikaupiga tu.

Sijui nieleze vipi. Mikononi sikusikia kitu. Ilikuwa kama fimbo imepita kwenye siagi. Na sauti yake, hiyo ndiyo mpaka leo inanirudia: ndogo, kavu, kama kufuli zuri linapojifunga. Mpira ukapita katikati ya miti bila kugusa jani, ukapanda, ukapanda tena, ukasimama kidogo angani kama unaotafuta pa kushukia, kisha ukashuka karibu na bendera, ukadunda, ukatulia.

Nikageuka. "Mmeona?"

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kigari changu, kimeegemea mti.

Nilitoka mle mitini nikitembea kama mtu aliyeapishwa. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyowasimulia. Kwanza ningenyamaza, niwaache wauone wenyewe mpira ulipo. Shemeji angeuliza, "Huu wa nani?" Nami ningesema, bila kuinua sauti, "Nadhani ni wangu." Nililifanyia mazoezi hilo "nadhani" mpaka likawa na unyenyekevu wa kutosha.

Nilipofika kwenye grini nikawakuta wanawake watatu nisiowajua, kila mmoja na kofia ya rangi ya waridi, wamesimama kuuzunguka mpira wangu kama waliokuta yai barabarani.

"Huu wako?" akaniuliza mnene wao, ambaye ilionekana ndiye msemaji.

"Nadhani ni wangu."

"Umetokea wapi?"

Nikaonyesha mitini. Wakatazama mitini, wakatazama mpira, wakatazamana.

"Pale katikati? Kwenye mwanya ule?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa wewe," akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "unacheza shimo gani?"

Hapo ndipo nilipoitazama bendera vizuri. Haikuwa namba yetu. Wala haikukaribia namba yetu. Nilikuwa nimepiga pigo zuri kuliko yote maishani mwangu, kwenye shimo la wenyewe.

Nikaomba radhi, nikainama niuchukue mpira niondoke na aibu yangu.

"Acha!" akasema yule mama. "Mpira uliokuja namna hiyo hauokotwi. Umalize kwanza."

"Lakini nawachelewesha."

"Tumeshachelewa. Hebu piga."

Wenzake wakasogea pembeni. Mmoja akaing'oa bendera na kuishika kwa heshima zote. Mpira haukuwa karibu kama nilivyodhani nikiwa mitini, na ardhi ilikuwa imeinama upande. Nikaugusa. Ukaondoka ukielekea kusikohusika kabisa, nikasema moyoni, basi, nimerudi kuwa mimi. Kisha mteremko ukaushika, ukaupindisha, ukausogeza mpaka kwenye mdomo wa shimo. Ukasita pale. Sote tukasita. Halafu ukaingia, ukagonga chini kwa mlio mzito mtamu, kama sarafu inayodondoka kwenye kikombe cha mbao.

Wale wanawake wakapiga makofi. Nikainama kama msanii jukwaani, kofia ya shemeji ikanidondoka, ikalifunika shimo.

"Baba watoto!" Sauti ya mke wangu ilitoka ng'ambo ya miti. "Umepotea au umehama?"

Nilirudi mbio, nikawasimulia yote kwa pumzi moja. Walinisikiliza. Nilipomaliza, shemeji akasema kwa huruma kwamba pigo la kwenye shimo lisilo lako ni pigo tu, na la pili nililopiga kule linakuja na adhabu, kwa hiyo nilikuwa nyuma zaidi kuliko kabla sijafanya maajabu. Mama mkwe alisema, "Mmh." Mke wangu alishikilia jambo moja tu.

"Wanawake watatu?"

"Ndiyo."

"Wakakupigia makofi?"

"Ndiyo!"

"Wewe?"

Nikarudi mitini kupiga upya. Mpira ukagonga mti wa kwanza, ukarudi nyuma yangu. Mashimo yaliyobaki, pamoja na lile la bwawani ambako hata shemeji hutumbukiza mpira wake, nisingependa kuyaeleza. Mkamia maji hayanywi, na mimi nilikuwa nayakamia kwa mikono miwili.

Mwisho wa mchezo tuliketi kwenye baraza ya klabu, tumevua kofia, vinywaji baridi mezani. Shemeji alikuwa anafafanua kosa la mkono wangu wa kulia, na alikuwa anapanga kuhamia wa kushoto, ndipo zile kofia za waridi zilipotokea mlangoni.

"Huyu hapa!" yule mama mnene akapaza sauti. "Bwana wa mitini!"

Akaja mpaka mezani petu, akanishika mkono, akawageukia wengine. "Nyinyi ndio wake? Leo nimezunguka uwanja mzima na sijaona pigo kama la huyu. Kasoro yake shimo tu." Akawapungia, akaondoka na wenzake, wakicheka.

Mke wangu alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Kisha nikasikia kitu kinachofanana na birika linaloanza kuchemka. Ni mama mkwe. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta macho kwa kona ya mtandio wake, akajaribu kuacha, akashindwa.

"Kasoro shimo," akasema. "Kasoro shimo tu!"

Alipotulia akaniinamia. "Hebu niambie, mwanangu. Mpira ulipoingia, ulijisikiaje?"

Nilitaka kutania, lakini aliniuliza kwa dhati. Nikamwambia kwamba ilikuwa tamu, lakini utamu wenyewe haukuwa pale ulipoingia, wala kwenye makofi. Ulikuwa kule mitini, kwenye ile sauti ndogo, kabla sijajua mpira unakwenda wapi.

"Utamu wangu mimi ni nikivua viatu," akasema mke wangu. Vyake tayari vilikuwa chini ya meza. "Siwadanganyi. Hakuna kinachoipita hiyo."

Shemeji alifikiri. Nilidhani atatuhesabia ushindi wake. "Mimi ni asubuhi," akasema mwishoni. "Nikisimama pale pa kuanzia kabla sijapiga. Bado sijaharibu chochote."

Sikutegemea kusikia hayo kwake, nami kwa mara ya kwanza nikampenda bila kulazimishwa na undugu.

"Na wewe, Mama?" shemeji akamuuliza mama yake.

Mama mkwe alivaa miwani yake, akaiweka sawa. "Pale bwawani," akasema. "Mpira unapotumbukia."

"Mpira wako haujawahi kutumbukia, Mama."

"Wako."

Shemeji akaweka glasi chini. "Mimi mwanao?"

"Nampenda mwanangu. Lakini sauti ile, chubwi! Ah." Akafumba macho kidogo. "Inaniburudisha wiki nzima."

"Kumbe ndiyo maana tukifika bwawani unanyamaza na kuinamisha kichwa," akasema shemeji. "Siku zote nilidhani unaniombea."

"Nilikuwa naomba," akasema mama mkwe, akavuta kinywaji chake. "Hujawahi kuniuliza naomba nini."