Ngumi Mbele ya Baba Mkwe

Siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa Carine, kule Kikula, mikono yangu ilianza kuwasha kabla hata hatujakaa. Mimi Glody, ninayechekesha mtaa mzima, nilikosa hata utani mmoja.

Ngozi hii ya magamba ninayo tangu utoto. Haiambukizi, ila nikiogopa inawaka. Na siku ile niliogopa kweli: nani atampa binti yake kijana anayejikuna mbele ya wazee?

Mama Georgette, mwanasaikolojia wa kituo cha afya, alikuwa amenifundisha: "Usikune. Funga ngumi, pumua polepole, hesabu mpaka trente, thelathini nzima. Muwasho iko kama mugeni wa makelele. Ukimunyima kiti, atachoka."

Basi nikafunga ngumi juu ya magoti. Moja, mbili, tatu... Mgeni hakuchoka. Alipanda mpaka kwenye kiwiko. Jasho likanitiririka ndani ya koti la kuazima. Mjomba Evariste, msemaji wetu, alikuwa bado anausifu ukoo. Nikakaza zaidi, meno nayo yakakazana.

Papa Alexis, baba wa Carine, akamkatiza.

"Ngoja kwanza, ndugu. Weye kijana! Unanikunjia ngumi mu nyumba yangu?"

Chumba kizima kikanigeukia.

"Apana, Papa..."

"Mutoto wangu njo utamupiga vile?"

Nikiziachia ngumi, nitajikuna. Nisipoziachia, mimi ni mpiga wanawake. Mjomba akaninong'oneza: "Sema kitu, we kasuku! Leo njo unanyamaza?"

Nikapandisha mikono ya koti. Madoa, magamba, alama za kucha.

"Iko ngozi, Papa. Haiambukize. Nikiogopa, inawasha sana. Munganga wa kituo cha afya alisema nifunge ngumi, nisikune."

"Unaogopa nani?"

"Weye, Papa."

Shangazi mmoja akaangua kicheko, akakimeza upesi. Papa Alexis hakucheka. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Carine! Kuya hapa. Hii ulijua?"

"Nilijua, Papa. Minye njo nilimupeleka kwa munganga."

Papa Alexis akauachia mkono wangu.

"Jumamosi," alisema mwishowe, "utaniletea karatasi ya uyo munganga. Nitaisoma mwenyewe."

Nje, mjomba alinipiga begani. "Jumamosi! Umesikia? Hajatufukuza."

Nilisikia. Lakini sikuthubutu kujikuna, maana Papa Alexis alikuwa amesimama mlangoni, akiitazama mikono yangu.