Mmoja Anayehesabiwa Wawili

Bosi Nagumo alikuja shambani kwetu mara moja kwa msimu, viatu amevivisha mifuko ya plastiki asije akachafuka. Kampuni yake inauza bima mjini Tokyo. Serikali inailazimisha kuajiri walemavu, lakini kampuni haitaki kutuona kwenye korido zake, basi ikatukodishia mabanda ya nailoni huku mashambani Chiba tulime saladi. Saladi yenyewe haiuzwi. Hugawiwa bure ofisini, na wengi huiacha inyauke chini ya meza. Mshahara tunapata. Mimi sina miguu yote miwili na nilishazoea.

Aliyekataa kuzoea ni Chihaya. Kabla pikipiki haijamvunja mgongo alikuwa mhasibu, na hamu yake ilikuwa moja tu, kurudi kwenye hesabu. Bosi alipokuja akamsogelea na kiti chake cha magurudumu.

"Bosi, nipe kazi ya hesabu."

Nagumo akacheka kwa adabu. "Dada, jengo la hesabu ni la zamani, lifti hakuna. Siku utakayopanda ngazi mwenyewe, meza yako ipo. Naahidi mbele ya hawa."

Sote tulielewa kwamba amemwambia hapana. Yeye akasikia ahadi.

Tangu hapo kila akitoka kazini alikwenda kliniki ya mazoezi, na asubuhi alifika viganja vimejaa malengelenge. Nikawa namkejeli. "Wewe, saladi haina ghorofa. Unapanda kwenda wapi?"

"Nyamaza, Mzee Kuzumi. Nikifika juu nitakupungia mkono."

Nilimwonea kijicho, sifichi. Majira mawili ya baridi yakapita, akaja kwa magongo, akaipanda ngazi ya ghala kipandio kwa kipandio, jasho likimtiririka. Alipofika juu akanipungia. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma.

Daktari wa serikali akampima upya na kumshusha daraja la ulemavu. Chihaya mwenyewe akampigia bosi simu kwa furaha, akamweleza na habari ya ngazi. Nagumo akaja upesi, safari hii hata mifuko ya viatu aliisahau.

"Ni kweli wamekushusha daraja?"

"Kweli, bosi! Mimi si mlemavu mkubwa tena. Nianze lini?"

"Mama yangu we!" Nagumo akajishika kichwa. "Mlemavu mkubwa mmoja, serikali inatuhesabia wawili. Ulikuwa wawili, dada, sasa umekuwa mmoja. Huyo wa pili nitamtoa wapi kabla ya ukaguzi?"

"Na meza yangu?"

"Mkataba wako unaisha mwezi wa tatu. Nafasi hii nitampa mtu wa wawili."

"Lakini uliahidi. Hawa hapa walisikia."

Akatugeukia. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nilikuwa karibu yao kuliko wote.

"Lakini umetutia moyo sana," Nagumo akasema, akitoa simu yake. "Hebu panda tena ile ngazi, nikupige picha ya jarida la kampuni."

Nilidhani Chihaya atamtupia gongo usoni. Akapanda. Alipofika juu Nagumo akamwambia apunge mkono, akapunga, macho yake yakinitafuta mimi. Nikainamia saladi yangu nikaendelea kupalilia, maana mimi bado ni wawili.