Kadi Kifuani mwa Bi Mgeni

Mtaa mzima wa Buruburu ulijua kuwa kukumbatiwa na Bi Mgeni si jambo la kupita. Alikuwa mnene wa mwili na wa huruma, binti wa Lamu aliyekulia Makongeni kwenye nyumba za reli, na akikushika amekushika. Alikubana kifuani, akakuyumbisha taratibu, akakunong'onezea dua, nawe ukabaki ndani ya lile buibui linalonukia udi mpaka ukasahau ulikokuwa ukienda. Wapo walioapa kwamba walitoka humo wamepona mafua. Hayo ya mafua tuyaache, lakini hakuna aliyetoka vile alivyoingia.

Humo humo kifuani ndimo alimoweka pesa, kama mama yake na bibi yake. Mkoba hunyakuliwa, mfuko hutoboka, kifua ni kifua. Basi benki ilipompa kadi mpya ya pensheni ya marehemu mumewe, Idarusi, akaelezwa kwamba hii haichomekwi wala haiulizwi namba, inasogezwa tu karibu na mashine na malipo yanapita, yeye aliitikia "inshallah" akaitia palepale, upande wa moyo. Kadi masikini, itajuaje nani analipa na nani anasalimu?

Siku moja akaingia dukani kwa Truphena, Mama Lorraine, rafiki yake wa miaka mingi, muuza mikate. Truphena alikuwa ameshika mashine ya kadi mkononi, bei ya keki imeshabonyezwa, anamngoja mteja mmoja, Obura, fundi wa vyuma wa Kariobangi, atoe kadi yake. Mara akamwona Bi Mgeni mlangoni. Tangu Ramadhani hawakuwa wameonana, na keki ikasahaulika. Wakakumbatiana na mashine katikati yao, na kutoka huko vifuani ikasikika sauti nyembamba: tii. Kijikaratasi cha risiti kikachomoza chini ya kidevu cha Bi Mgeni.

"Wah, shosh amenilipia keki!" Obura akacheka, kama mjukuu na bibi yake.

Truphena alicheka mpaka akashika kaunta. Obura akatoa noti, Truphena akaziweka kwenye kiganja cha rafiki yake, na shauri likaishia hapo. Kwa wengine. Bi Mgeni aliondoka na ile tii mbavuni, imekataa kutoka.

Mpwa wake Nasima akazidi kumtia hofu. "Shangazi, siku hizi mtu anakupitia tu, anakugusa bega, akaunti imekwisha." Akamfungia kadi kwa karatasi ya foili, lakini foili ikawa inamkwaruza na kuchakarika kila akirukuu, hata sala ikamharibikia. Akaitoa foili, akaitupa, kadi akairudisha.

Kisha zikaja ndoto. Alizoea kujinyoosha baada ya adhuhuri, pazia likipumua dirishani, na usingizi ukawa unamrudisha Makongeni ya zamani. Watu wote aliowahi kuwakumbatia walikuwa wamesimama vibarazani. Wakamjia mmoja mmoja, na kila aliyemgusa akalia tii, na kila tii ikamwacha mwepesi zaidi. Mwishowe buibui likajaa upepo, miguu ikaachana na ardhi, akapaa juu ya reli. Chini alimwona Idarusi na sare yake ya kazi ya reli, ameinua taa ya kijani, anamwita kwa jina. Hakuweza kushuka, na aliamka kila mara ameshika kifua.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bi Mgeni akaanza kusalimu kwa mbali, mikono ameikunja kifuani. Majirani wakadhani ni mgonjwa, wengine wakadhani ana kiburi. Kiburi! Yeye ambaye alikuwa akimkumbatia hata mwenye kuja kusoma mita ya maji.

Halafu Jackton, mume wa Truphena, akafariki ghafla. Wakamzika kwao Vihiga, na Truphena aliporudi akafungua duka, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Bi Mgeni akaenda kutoa pole. Alipoingia tu, Truphena akatoka nyuma ya kaunta, mikono wazi, uso umeshavunjika. Mashine ilikuwa ikichungulia mfukoni mwa aproni yake.

Bi Mgeni aliiona. Mkono wake ukatoka wenyewe, umenyooka, vidole mbele.

"Pole sana, Mama Lorraine," alisema.

Truphena aliutazama ule mkono. Mikono yake mwenyewe ikashuka polepole.

"Hata wewe, Bi Mgeni?"

Akavishika vile vidole, akavirudisha, akarudi kwenye mikate yake. Bi Mgeni alitoka akiwa na haya ambayo hakuwahi kuijua tangu utotoni. Mtu amefiwa, na yeye amemwogopa.

Mchana ule alilala tena na Makongeni ikaja tena. Lakini vibaraza vilikuwa vitupu, milango imefungwa. Alitembea kando ya reli akingoja hata mtu mmoja amjie. Hakuna aliyekuja. Kadi ilikuwa salama kifuani, nzito kama jiwe la kusagia, na hata Idarusi hakuwepo. Aliamka adhana ya alasiri ikisikika. Akasali, akajitanda, akaenda moja kwa moja dukani.

Foleni ilikuwa fupi. Wa mwisho alikuwa Obura, mikono bado ina masizi ya karakana. Bi Mgeni akatia mkono kifuani, akatoa kadi, ingali na joto, akamkabidhi.

"Nishikie, mwanangu."

Obura akaigeuza kadi, akamtazama. "Shosh, na nikihepa nayo?"

"Ukihepa, hepa salama. Mimi nina shughuli hapa."

Akapita nyuma ya kaunta ambako hakuna mteja aliyewahi kupita, akamshika Truphena. Truphena alisimama wima kama mlango kwa muda, kisha akalegea. Alilia kilio ambacho hata Vihiga hakukilia, maana kule alikuwa na wageni wa kulisha. Bi Mgeni akamyumbisha, kushoto na kulia, akinong'ona. Mashine ilikuwa katikati yao, na haikusema kitu. Mkate uliokuwa ovenini ukaanza kuungua na hakuna aliyethubutu kutaja.

Magharibi ilikuwa imekaribia alipoagana na Truphena. Alitembea taratibu, akinukia mikate iliyoungua, akawajibu salamu wote waliomsalimu. Alikuwa ameshafika langoni kwake alipoikumbuka kadi, ingali kwa Obura. Akatia mkono kifuani. Hakukuta kitu ila buibui lililolowa machozi ya Truphena, na akaacha mkono wake papo hapo, mpaka akafika ndani.