Gari la Kuvuta Karavani ya Yvette

Yvette alimwuliza kila muuza gari jambo moja tu: litaupanda mlima wa Field's Hill na tani mbili nyuma yake? Wengi walicheka. Walimtazama mama wa Kikongo mfupi, kitenge kiunoni, simu mkononi, halafu wakamgeukia mumewe Serge na kuanza kumweleza yeye habari za viti vya ngozi. Na Serge, bila haya, alizisikiliza.

Tani mbili zenyewe zilikuwa karavani. Ilikuwa mtaa wa Bluff, kwenye uwanja wa karakana ya Gosbert, Mtanzania mchomeleaji aliyekuwa rafiki wa Serge, na kwa mwaka mzima haikusogea hata hatua moja. Ndani yake Yvette alikuwa ameweka jiko kubwa la gesi, friji, sinki na matangi ya maji. Wakati huo alikuwa akipikia katika flati yao ya Glenwood na kuwauzia wanafunzi bukari, yaani ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, na mwenye nyumba alikwisha kumwonya mara mbili kwamba harufu ya samaki wa chumvi ikimfikia tena ghorofa ya tatu, atafute pa kwenda. Pa kwenda palikuwapo. Soko moja la Jumamosi huko Pietermaritzburg lilimpa nafasi kuanzia tarehe mosi, na nafasi isiyokaliwa siku hiyo angepewa mtu mwingine. Kilichokosekana ni gari la kuifikisha karavani.

Basi Yvette akajifundisha magari. Maharagwe yakiwa jikoni, yeye alikuwa kwenye simu akisoma uzito wa gari, breki za karavani na nguvu za injini za dizeli, mpaka Serge akaanza kumwita fundi mkuu. Gari la kwanza walilokwenda kulitazama lilikuwa la petroli, na mlango wake hakuufungua. La pili lilikuwa la dizeli, zuri, linang'aa kama sufuria mpya, lakini jepesi. Yvette akalizunguka mara moja tu.

"Hii hapana," akamwambia Serge. "Tukifunga karavani nyuma, karavani njo itaendesha gari."

La tatu walilikuta Hillcrest, kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyevuta karavani yake miaka mingi mpaka magoti yakamgomea. Land Cruiser ya dizeli, ya kijivu, si kijana tena, lakini imetunzwa kama mtoto wa pekee. Mzee alikuwa na trela, Yvette akaomba lijazwe matofali. Wakateremka nalo hadi Pinetown, wakageuza, wakaupanda ule mlima wa Field's Hill wa njia ya Pietermaritzburg. Injini haikukohoa. Yvette alikaa mbele, mikono mapajani, akiangalia mshale wa joto zaidi kuliko alivyoangalia barabara, na walipofika juu alipiga kofi moja la furaha hata mzee wa watu akashtuka.

Serge naye siku hiyo alibadilika. Hakuuliza habari ya viti. Alijilaza chali chini ya gari na shati lake jeupe, akachungulia tangi la pili la mafuta, akauliza kama gari limewahi kuvuka maji, kama chujio la hewa linastahimili vumbi, kama springi za nyuma ni za asili au zimeongezwa. Yvette alijisikia fahari. Huyu ndiye mume wangu, alisema moyoni, akiamua kusaidia anasaidia kweli.

"Papa, Maritzburg ni saa moja tu," akamtania. "Matangi mbili ni ya nini? Unaenda mbinguni?"

"Mutu akichagua gari, achague yote," Serge akajibu kutoka huko chini.

Akiba yao ya miaka sita ikaishia pale, na wala hawakuisikitikia. Serge mwenyewe ndiye aliyetaka gari liandikwe kwa jina la mkewe. "Ni kazi yako," alisema, "liwe la kwako." Yvette hakuwa mwanamke wa kulia ovyo, lakini siku hiyo alilia. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, ufunguo juu, akawaambia watu wote kwamba kuna wanaume wanaoficha hata chaji ya simu, ila wake ameandika gari kwa jina lake. Vigelegele vikapasua bati. Mchungaji akaufunika ufunguo kwa kiganja na kuuombea, naye Serge, suti imemkaa vizuri, akasema amina kwa sauti kuliko wote.

Jumanne Serge akalipeleka gari kwa Gosbert likafungwe chuma cha kuvutia karavani. Alhamisi Yvette akapanda teksi kwenda Bluff, mapazia ya karavani ndani ya mfuko, moyo mweupe kabisa.

Gari lilikuwa uwanjani. Juu yake palikuwa na keria mpya ya mabomba mazito, na ubavuni vishikio vinne vya madumu ya mafuta. Yvette akaenda nyuma. Hapakuwa na chuma chochote. Akainama kuhakikisha, labda kimefichwa chini. Hakikuwapo.

"Shemeji, karibu!" Gosbert akatoka akijifuta mikono. "Unaionaje keria? Hiyo hata ubebe kabati, haitikisiki."

"Nzuri. Na chuma cha karavani?"

"Serge alisema tuachane nacho. Eti njia ya Lubumbashi ina mashimo, kitakuwa kinagonga chini. Nikamwambia nipe mpaka kesho, ili Jumatatu aondoke bila..." Gosbert akamtazama usoni, na sauti ikampungua. "Shemeji, si unajua lakini?"

"Najua," Yvette akasema.

Alisema uongo kwa sababu hakuwa tayari kuvuliwa nguo mbele ya mchomeleaji. Akauchukua ufunguo ubaoni, akasema gari analihitaji sasa hivi, na Gosbert hakuthubutu kumbishia. Njiani kurudi Glenwood maswali ya Hillcrest yalimrudia. Matangi mawili, vumbi, maji, springi: sasa kila swali la Serge lilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilimchoma. Hasira ilikuwapo, lakini aibu iliizidi. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima na kumsifu mtu aliyekuwa akihesabu siku za kumwacha solemba, na mtu huyo akaitikia amina.

Serge alikuwa sebuleni Glenwood akipiga pasi mashati. Alipouona ufunguo mkononi mwa mkewe, akaizima pasi taratibu.

"Gosbert alikuambia," akasema.

"Tangu lini, Serge?"

Serge akakaa. "Tangu zamani, mbele ya kutafuta gari. Chérie, sikiliza. Mama amezeeka. Na hapa, miaka kumi na moja, niko mutu wa kupanga foleni ya karatasi za kukaa tu. Kila ofisi wananiambia rudi kesho. Nimechoka kweli, vraiment. Kule nitafanya transport, nitakuwa mutu tena."

"Na miye?"

"Weye karatasi yako iko sawa. Kazi yako iko hapa. Kama ningekuambia, ungekataa, na ningebaki."

"Donc, basi, nilichagua gari ya kuniacha."

"Hakuna mutu anajua gari sawa weye," Serge akasema. Maskini, alidhani anamsifu.

Kisha, kwa kuwa siri ilikwisha kumwagika, akatoa karatasi kwenye bahasha na kuiweka juu ya meza, pamoja na kalamu. Ilikuwa barua ya mwenye gari kuruhusu livuke mpaka. Imeandikwa vizuri, jina la Yvette limekamilika, bado saini tu. "Nilitaka kukuomba Jumapili," akasema, "baada ya ibada."

Yvette aliisoma mpaka mwisho. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, hata majirani wasikie, lakini kilichotoka kilikuwa swali dogo tu.

"Ulipanga njia, mafuta, keria, barua. Juu ya nini haukuniuliza kama nitakuja?"

Serge akaisukuma kalamu kando. "Ungekuja?"

"Ningekuja. Batu wanakula kule pia. Gari ile ingevuta karavani mpaka mlangoni kwa mama yako, na unajua."

Alipolisema akajua ni kweli, na hapo ndipo lilipomuuma kuliko yote. Uso wa Serge ukawa wa mtu aliyeona mlango akiwa amekwisha kuupita.

"Basi twende," akasema. "Yvette, twende pamoja. Nitamwambia Gosbert afunge chuma leo."

"Atakifunga, ndiyo. Jumamosi niko Maritzburg." Akaikunja barua ile, akaitia kwenye mfuko wa mapazia. "Weye tafuta basi ya Lubumbashi."

"Chérie, nimesema twende."

"Hapana, Serge. Weye ulishaenda."

Ufunguo mkononi, akashuka ngazi kurudi Bluff.