Aliyeliliwa Akicheka

"Ulishamulilia, Mama Tamar! Unataka kumulilia mara ngapi?"

Jirani Déborah alisimama upande wake wa ua wa matete, mikono kiunoni, sauti ikifika mpaka njia ya reli. Kyabu, huyo Mama Tamar, hakuinua kichwa. Aliendelea kutandika mikeka, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba nusu ya Kamina ingekuja kukaa kilio.

"Ndugu yangu njo alikufa. Minyi nitalia mu lupango yangu, mu kiwanja yangu."

"Ndugu yako alikufa ile siku mulimulalisha chini juu ya kufurahisha ba-touriste!"

"Funga kinywa, Mama Jessé!"

"Nifunge? Weye njo ungefunga yako!"

Kyabu akautandika mkeka mwingine, maana ilikuwa kweli na mtaa mzima uliijua. Nani aliwasimulia kama si yeye mwenyewe, nyumba imejaa watu, akicheka hadi machozi? Wakati wa kiangazi alikuwa amekwenda kwao Sanga, kando ya ziwa Kisale, kumwona mdogo wake Kisimba. Wageni wakafika kwa mashua, wametoka kutazama makaburi ya kale. Kiongozi wao, Christophe, akaomba akina mama wawaonyeshe jinsi watu wa ziwa wanavyolilia wafu wao. Akina mama wakakataa kabisa: kwao wimbo wa kilio hauanzwi pasipo maiti. Ndipo Kisimba, mvuvi asiyejua kutulia, akajibwaga mkekani.

"Maiti njo huyu! Lia, yaya, dada yangu!"

Na Kyabu akalia. Aliuimba wote, kuanzia jina la babu yao mpaka la Kisimba, huku tumbo la marehemu likitikisika kwa kicheko chini ya kitenge. Wageni wakapiga makofi.

Wiki iliyopita upepo ulipindua mtumbwi wa Kisimba. Walimtafuta siku tano katikati ya mafunjo, wakarudi na kafi lake tu. Safari hii tena, maiti hakuna.

Watu wa ziwa waliohamia Kamina, Déborah mmoja wao, walipata habari, wala hakuna aliyekuja. Nani angeketi kwenye kilio kilichokwisha kupigiwa makofi? Kyabu, ambaye nyumba yake haikuwahi kukosa mtu wa masolo, wa kupiga gumzo, alikaa peke yake mpaka jua likafika utosini.

Aliyeingia ni Exaucée, mke wa askari wa kambini. Kwao ni mbali, Équateur, na mambo ya Kisale hayajui. Aliweka sufuria zake za chakula jikoni, akavua viatu, akaketi.

"Mama, tumulilie basi."

"Siwezi. Nyimbo nilishaimaliza yote, yeye akiwa muzima."

"Anza tu. Minyi kuitika sijue, lakini nitakaa na weye."

Kyabu akaanza. Jina la babu. Akanyamaza, kwa kuwa kila jina husubiri jibu la walioketi. Kimya. Jina la baba yao. Exaucée alimshika mkono tu. Alipofika kwa Kisimba akaliona tena lile tumbo likitikisika chini ya kitenge. Akaliita jina mara ya pili. Akaliita mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Jibu likatoka nyuma ya matete. Kwa Kiluba, la kukwaruza, lenye hasira bado.

Kyabu akaendelea upesi, asije akaipoteza ile sauti. Akaita, ikaitika, akaita, ikaitika, mpaka wimbo ukaisha na hakuna aliyepiga makofi.

Baadaye Déborah akaonekana mlangoni mwa lupango, kitenge kichwani, macho mekundu. Hakuvuka.

"Sikukuya hapa juu yako, ni juu yake," akasema. "Akikuyaka hapa, alikuwa anatuchekeshaka sisi bote. Ata minyi."

"Najua."

"Ulifanya mubaya, Mama Tamar."

"Nilifanya mubaya."

Exaucée alikuwa ameanza kupakua ugali na kisamvu. Kyabu akasogea, akaacha nafasi mkekani.

"Iko bukari na sombe," akasema. "Samaki, leo siwezi kuiangalia. Ingia, mama. Ingia tukule."